Kanali Aachilie Skrini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepewa ukuta! Kapteni Agneta ametangaza mbele ya kamati nzima: siku ya Jubilei, mambo yote ya ukutani ni ya Ndugu Robinson Mukhwana. Yaani mimi. Maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa, na katikati ya ibada, filamu.

Nikueleze wewe, shajara, maana wengine wananichoka nikianza kueleza. Ukumbi wetu wa kanisa la Jeshi la Neema hapa Migosi, Kisumu, utabomolewa baada ya sherehe ya Jumapili hii. Utajengwa wa mawe. Huu wa mabati umezeeka. Mvua ikinyesha, mhubiri anabaki kufungua mdomo tu. Sasa Jacinta, katibu wetu, alipokuwa akitoa vitu stoo, alikuta kanda ya video ndani ya ngoma iliyopasuka. Imeandikwa kwa kalamu ya wino: KWAYA, SIKU YA UFUNGUZI.

Siku ya ufunguzi Nelima alikuwa mstari wa mbele. Sare mpya, nyeupe. Kola aliipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe. Mimi nilikuwa nyuma na wanaume wa sauti nzito, namtazama kisogo.

Picha za mke wangu ninazo. Ya harusi, amenuna kwa sababu viatu vilimbana. Ya kitambulisho, ambayo yeye mwenyewe aliikataa, akasema huyo ni mwanamke mwingine. Lakini akiimba, sina hata moja. Bwana alimwita zamani sasa. Sura yake naikumbuka vizuri. Ila mdomo wake ukiwa wazi kwa wimbo, huo unanipotea. Unakuja, unaenda.

Kwa hiyo Jumapili Nelima ataimba ukutani, mkubwa kuliko mlango. Mara moja tu, kabla ukuta wenyewe haujaanguka. Nikikosa hilo, Jubilei waichukue.

Wepukhulu akanyoosha mkono. Huyu ndiye mpiga tarumbeta wetu, na ni kaka yake Nelima, kwa hiyo ni shemeji yangu na siwezi kumkwepa hata mbinguni. Akasema, kwa sauti ya kusaidia, "Shemeji, si wakuhamishie tu kwa flashi? Unachomeka, inaonyesha, imeisha."

Shida ni kwamba nilikuwa karibu kupendekeza hilohilo. Sasa haiwezekani tena.

Nikasimama, nikasema dada yake hataingia ukumbini kupitia kitu cha kuning'iniza na funguo. Ataingia kwa kanda yake mwenyewe. Kina mama wakasema amina. Wepukhulu akatazama kiatu chake. Siku njema sana.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya, kisha nzuri.

Kompyuta ya kanisa inaitwa Goliathi. Ofisi moja kubwa iliistaafisha, ikaletwa kwetu kwa mkokoteni. Ukiiwasha inanguruma kama kinu cha posho. Inajikagua. Inawasha taa moja, inaizima, inawasha nyingine. Muda wote huo ukuta ni mweusi. Nilipoizima na kuiwasha katikati ya ibada ya Pasaka, watu waliimba kiitikio mpaka koo zikakauka. Wepukhulu akainuka na tarumbeta kujaza pengo. Makofi! Kuna watu mpaka leo wanaamini Pasaka ile ilikuwa yake.

Sasa, Goliathi ana akili mbili ndani. Ile mpya inajua projekta na nyimbo. Ile ya zamani ndiyo peke yake inayoelewana na deki ya video. Kutoka moja kwenda nyingine ni kuzima na kuwasha. Yaani Pasaka tena!

Nikafunga meza yangu ya kuuza rimoti pale soko la Kibuye, nikaenda Mamboleo kwa Awuor. Awuor ni fundi wa kompyuta. Ni kama binti yangu kwa umri na kama mama mkwe kwa maneno. Aliishika kanda, akainusa. "Mzee, hii kitu imeota ukungu. Ikipita kwa deki mara moja ama mbili, shukuru Mungu. Weka kwa flashi."

Nikamwambia flashi ilikataliwa na kamati. Si uongo. Mimi ni kamati.

Akanitazama. Akasema basi iko njia ya kuruka. "Hauzimi. Kanel moja inaita ingine, inaipea mashine, inatoka. Haipiti langoni."

Nikashtuka. Kanali? Ndani ya kompyuta?

"Kanel, mzee. Ile ya ndani kabisa. Kiini, kama ya mahindi. Ndiyo inaamuru kila kitu. Skrini, sauti, kibodi, yote."

Anaamuru kila kitu. Sasa huyo kama si Kanali ni nani? Mimi shule niliishia darasa la nane, lakini cheo nakijua. Kwetu Jeshi la Neema yuko Kapteni wa ukumbi, yuko Meja, na juu ya mkoa wote yuko Kanali. Nilifurahi moyoni kuona hata kompyuta zina utaratibu. Awuor akarudia habari ya mahindi, nikaitikia kwa adabu. Vijana hupenda mifano.

Basi mpango ni huu. Yuko Kanali Mpya wa nyimbo. Yuko Kanali Mzee wa filamu. Jumapili, katikati ya ibada, Kanali Mpya anaondoka, Kanali Mzee anarudi kazini. Papo hapo! Goliathi hazimwi. Wepukhulu hapati hata nafasi ya kulowesha midomo.

Nilirudi Kibuye nikiimba. Nikamuuzia mama mmoja rimoti ya redio kwa televisheni yake. Bwana anisamehe, na mama asirudi.

Jumatano, 6 Agosti

Giza.

Nimejaribu kuruka leo ukumbini, peke yangu. Awuor alinifundisha neno la kuandika: RUKA. Nikaandika. Nikafunga macho, nikataja jina la Yesu, nikabonyeza.

Goliathi akatulia. Feni zikashusha sauti. Kisha kipaza sauti kikalia "ting!", ile salamu ya Kanali Mzee akiingia. Kumbe amefika! Yuko hai! Nikafungua macho. Ukuta mweusi tii. Nikapiga kibodi, ikalia. Nikaweka CD ya kwaya, ikaimba. Kila kitu kinafanya kazi, ila huoni kitu. Kama kukaa na mtu chumbani amekununia.

Nikampigia Awuor simu. Akauliza, "Uliambia huyo wa kwanza aachilie skrini?" Nikasema hapana, kwani ni lazima aambiwe? Akapumua. Akaeleza pole pole. Ukiwasha mashine kawaida, inaanzia langoni, na pale yuko mlinzi ambaye anaamsha kila kitu pamoja na skrini. Ndiyo maana inachelewa. Ukiruka, mlinzi anabaki amelala. Kwa hiyo anayetoka lazima aachilie skrini kwanza, airudishe vile aliikuta, amwonyeshe anayeingia mahali iko. "Ukimtoa akiwa ameishika, huyu mwingine anafanya kazi kwa giza. Anachora, anachora, hakuna kitu inatokea."

Sasa nikaelewa kabisa. Ni makabidhiano! Hata kwetu, Kapteni aliyehamishwa mwaka ule aliondoka na funguo za stoo, na huyu Agneta alipofika alihubiri wiki mbili bila kikombe cha meza ya Bwana.

Jambo kama hili si la fundi peke yake. Jioni kwenye mkutano wa maombi nikasimama kutoa ombi langu. Nikasema, wapendwa, mniombee. Kanali aliyeko amekataa kuachilia. Ameshikilia tu. Kabla ya filamu ya Jumapili ni lazima aondolewe kimyakimya, tumrudishe Kanali Mzee, na asipitie mlangoni.

Jacinta akaangusha kalamu. Mzee mmoja akasema "Ee Bwana" kwa sauti ya chini sana.

Nilihisi uwepo wa Roho.

Alhamisi, 7 Agosti

Haikuwa Roho!

Nimeitwa na Kapteni Agneta kabla sijafungua meza. Nimemkuta amesimama, na huyo akisimama ofisini mwake ujue kuna jambo. Jacinta yuko pale. Wepukhulu yuko pale pia, na tarumbeta, sijui ya kazi gani.

Kapteni akaniuliza kama nina shida na Kanali Wanyonyi.

Kanali Wanyonyi ndiye mkuu wetu wa mkoa. Ndiye mgeni wa heshima Jumapili. Nikasema sina, nampenda, alinisalimia kwa mkono mwaka juzi.

Basi kwa nini mji mzima unasema Robinson wa rimoti anataka kumpindua? Kina mama wa Kibuye wanasema. Waimbaji wanasema. Na Kanali Obonyo, yule aliyestaafu, anayefuga kuku kule Dunga, amepiga simu asubuhi kuuliza arudi saa ngapi. Ameshafua sare!

Wepukhulu hakuweza kujizuia. "Shemeji, mapinduzi kwa projekta?"

Nikaeleza. Nikasema ni Kanali wa kompyuta. Kuna Mpya na kuna Mzee, na Mpya lazima anyang'anywe skrini. Nilivyozidi kueleza, Kapteni alizidi kufumba macho. Mwisho akasema, "Ndugu Robinson. Kanali haondolewi kwa rimoti."

Kisha akatoa amri. Jumapili, Kanali Wanyonyi akiwa ndani ya ukumbi, hakuna Kanali yeyote, wa mwili au wa mashine, atakayeambiwa aondoke, aachilie, au anyang'anywe kitu. Nikauliza kama ni amri kabisa. Akasema ni amri. Nikapiga saluti.

Nje Wepukhulu akanishika bega, akasema tena habari ya flashi. Nikamwambia atunze tarumbeta yake. Siku ya ufunguzi aliikosea, na watu hawajasahau. Alipanda juu sana kwenye kiitikio, ikatoka sauti ya bata. Nelima alicheka katikati ya wimbo, nikaona mabega yake yakitetemeka kutoka nyuma.

Nimekumbuka hilo nikiwa bado na hasira. Ikaisha. Haifai kumkumbuka Nelima ukiwa na hasira na mtu, anaiondoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Imewaka!

Nilimpandisha Goliathi kwa mkokoteni mpaka Mamboleo. Watu njiani waliuliza kama nahama. Awuor akatufungulia kibanda kizima. Amenirahisishia: kwanza naandika ACHILIA, kisha naandika RUKA. Maneno mawili. Akafanya yeye: skrini ikapepesa mara moja, ikarudi na uso wa Kanali Mzee, rangi yake ileile ya zamani ya buluu. Nikafanya mimi: ikawaka! Nikafanya tena. Ikawaka! Kanda hatukuitia, tuliogopa ukungu. Lakini deki ilitambulika, taa yake ya kijani ikaja.

Nikamuuliza Awuor kama "achilia" ni lugha nzuri ya kumwambia mkubwa. Akasema, "Mzee, ni mashine." Akanipa yai la kuchemsha, nadhani alifikiri nina njaa.

Kurudi nilimwachia kijana wa mkokoteni njia ya juu, mimi nikashuka mjini mpaka ziwani. Sijui kwa nini. Gugumaji lilikuwa limefunga ufuo, kijani mpaka mbali. Vile vibanda vya samaki havipo tena. Nilisimama pale nilipodhani meza yetu ilikuwa. Tulipofika Kisumu mara ya kwanza, kwa treni ya Butere, na sanduku la bati na godoro, Nelima alisema hatutatafuta nyumba kabla ya kula samaki. Tukakaa pale na godoro letu limeegemea kiti kama mgeni wa tatu. Alikula mpaka kichwa, akanyonya na macho. Mhudumu akamwambia mama, wewe sasa ni wa hapa.

Kanisani ndiye aliyeandika nambari za nyimbo kwa chaki kwenye ule ubao mdogo. Projekta iko wapi siku hizo! Harusi moja alizigeuza nambari makusudi, wazee wakainua vitabu kwa heshima yote, wakaanza wimbo wa mazishi. Bibi harusi akalia. Nelima akatoka nje kucheka, akarudi na uso wa sala. Hakuna aliyejua. Mimi tu.

Achilia, kisha ruka. Achilia, kisha ruka. Nimesema mpaka ulimi umechoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepiga sare pasi. Nimepangusa kioo cha projekta. Nimejaribu tena pale ukumbini, imewaka. Ukuta nimeupaka chokaa nyeupe, sehemu ile ya filamu tu, kwa hiyo sasa sehemu nyingine zinaonekana chafu. Jacinta amelalamika.

Nimefunga mchana. Si kwa ajili ya mashine, Bwana hababaishwi na mashine. Nimefunga kwa sababu kesho nitamwona.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaeleza taratibu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kanali Wanyonyi alifika na sare ya kung'aa, akaketishwa mbele, kiti cha kitambaa, karibu kabisa na meza yangu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri ukutani. Wa pili vizuri. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Kanali Obonyo mstaafu, sare imefuliwa, kofia kwapani. Alikuwa amesikia asipitie mlangoni, akapitia jikoni! Watu wote wakageuka kunitazama. Mimi! Kanali Wanyonyi akainuka, akamkumbatia mzee, akamsogezea kiti. Sasa nikawa na Makanali wawili mbele yangu, goti kwa goti.

Kapteni Agneta akatangaza filamu. Taa zikazimwa, mapazia yakavutwa. Nikaanza kuandika. A, C, H, I...

Na hapo Kanali Wanyonyi akainama kutazama ninachoandika. Alikuwa anatabasamu. Alitaka tu kujua.

Nikakumbuka amri. Hakuna Kanali atakayeambiwa aachilie. Na mimi hapa, askari asiye na hata tepe moja begani, namwandikia Kanali, mbele ya Kanali, ACHILIA, kama mtu anayemwambia mwizi wa kuku! Vidole vikakataa. Shajara, walahi vilikataa. Nikafuta herufi zote. Nikafikiri, huyu ni Kanali, ana heshima zake, ataachilia mwenyewe. Nikapiga saluti chini ya meza. Nikaandika RUKA.

Ting!

Giza.

Nikangoja. Giza. Deki ikaanza kuzunguka, nikaisikia ikimeza kanda, kanda ambayo ina mara moja au mbili tu. Inaenda! Nelima anapita mle ndani sasa hivi, na ukuta mweusi! Nikataka kuing'oa kwa mikono. Nilikuwa nimeshainuka.

Ndipo kwaya ikaanza.

Sauti ilikuwa ya mbali kidogo, na mabati yanalia juu kwa upepo wa siku ile. Wanawake kwanza. Na mbele ya wote, nusu pumzi kabla ya wenzake, Nelima. Alikuwa hajui kungoja, maisha yake yote, hata kwenye wimbo. Mwalimu wa kwaya alimkemea mpaka akachoka. Nikakaa chini.

Mama mmoja gizani akasema, "Huyo si Nelima?" Mwingine akasema ni yeye, na huyo wa sauti ya chini ni marehemu mama yangu, sikilizeni. Wakaanza kuwataja. Huyu ni fulani. Yule ni fulani, alihamia Kitale. Yule alikufa na meli. Kila sauti ikapata mwenyewe. Watu walisimama mmoja mmoja, wakautazama ukuta ule mweusi kama unaonyesha, na wale wa zamani wakaanza kuimba juu yao.

Kiitikio kikafika. Tarumbeta ya zamani ikapanda, ikapanda sana, ikatoa bata. Na kutoka upande wa kulia, gizani, tarumbeta ya leo ikalijibu bata lile, palepale, kosa lilelile, kwa makusudi. Ndani ya kanda Nelima akacheka. Nilisikia. Kila mtu alisikia. Kicheko kifupi, kisha akaushika wimbo tena kama hakuna kitu.

Taa zilipowashwa Wepukhulu alikuwa hawezi kufunga mdomo wala kuufungua. Nikaenda, nikamshika. Tumelia kama watoto, na ile tarumbeta kati yetu ikinichoma mbavu.

Kanali Wanyonyi akapanda mimbari, akasema hajawahi kuona hekima kama hii, kuwaacha wapendwa wetu gizani ili tuwasikie. Akaniomba nisimame.

Nilisimama.

Jumatatu, 11 Agosti

Awuor amekuja ukumbini kuona kilichotokea. Nikamweleza habari ya cheo. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Mzee, ni kanel. Ya mahindi." Kisha akakaa, akafanya mambo yake. Sasa neno RUKA lenyewe, ukiliandika, linaachilia skrini kwanza bila mtu kuambiwa, kisha linaruka. Amelifunga humo ndani. Hakuna tena wa kumwonea haya.

Tukaitia kanda mara ya pili. Mimi na yeye tu, na ukumbi mtupu wenye maua yaliyonyauka. Awuor alichomeka flashi pembeni bila kuniuliza, nikajifanya sioni.

RUKA. Ukuta ukapepesa. Ukawaka.

Wepukhulu!

Mashavu ya Wepukhulu, makubwa kuliko mlango! Aliyeshika kamera siku ile, Mungu amsamehe, alikuwa ameipenda tarumbeta. Inang'aa, anaifuata. Wepukhulu akivuta pumzi. Wepukhulu akifuta midomo. Jasho la Wepukhulu likishuka polepole. Kwaya nzima inaimba, na kamera haigeuki hata kidogo. Ukumbi wote ungetazama pua ya shemeji yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, na Jubilei ingekuwa yake kama Pasaka!

Nikataka kusema funga. Awuor akasema, "Ngoja. Hapo kwa kona."

Kwenye kona ya chini, karibu na kiwiko cha Wepukhulu, mkono ulikuwa umeshika kitabu cha nyimbo. Kiganja tu na ncha ya sare nyeupe. Kidole gumba kina kovu la kisu cha samaki. Mkono ukageuza ukurasa kabla ya wakati, nusu pumzi kabla ya wengine. Bata likalia, na kitabu kikatikisika, kikatikisika, kikatulia.

Awuor akatoka nje kununua soda, akakawia.

Kanda ilipofika mwisho, deki iliitafuna, ikajikunja ndani kama utepe wa zawadi. Haitapita tena. Awuor akanipa flashi. Nimeiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, na kifungo nimefunga.

Jumatano, 13 Agosti

Kanali Wanyonyi amepiga simu! Yeye mwenyewe! Anataka ile "Ibada ya Giza" ya Ndugu Robinson ionyeshwe kwenye kongamano la mkoa, Kakamega. Kumbi zote zitakuwepo. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Wepukhulu amesikia. Amekuja na embe na uso wa upole, tangu Jumapili tunaitana ndugu. Akauliza kama kwa bahati picha imepatikana, maana angependa Kakamega waione pia. Nikamwambia picha ni shida sana, ndugu yangu. Tutaomba.

Bwana ameona kwamba sikudanganya. Ni shida kweli. Mkono wa Nelima ni wangu, na kona ile hakuna atakayeitazama. Watatazama mashavu. Kwa hiyo Kakamega lazima pawe na giza. Giza lilelile la Jumapili, la kuruka, mbele ya watu, na ting! yake.

Na Goliathi amekataa! Nimejaribu asubuhi yote. RUKA: anawaka. RUKA: anawaka. Rangi safi, kama kioo. Nimempigia saluti. Nimejaribu kumwamuru, ASIACHILIE, akaandika kwamba halijui neno hilo. Kila nikiruka na flashi imechomekwa, ukutani Wepukhulu ananitazama na midomo imevimba.

Nikamkimbilia Awuor. Nikamwomba arudishe ubovu. Akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. "Nilitengeneza ionyeshe, sasa unataka isionyeshe?" Nikasema ndiyo, lakini kwa njia ya heshima, Kanali aondoke mwenyewe na skrini yake. Akasema si nicheze sauti peke yake. Nikasema watu wa Kakamega wameahidiwa kuruka, hawakuahidiwa redio. Akafuta uso kwa viganja. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwa nini wakati ukifika nisichomoe tu waya wa projekta.

Waya! Nimefika mbali hivi, nimewajua Makanali wote wawili, halafu nichomoe waya? Waya hata Wepukhulu anaweza kuchomoa.